Neno "civil" lilivyovunja daraja la kwetu

Wakuu, salamu kutoka Eldoret.

Mvua haijaacha tangu asubuhi, wahadhiri wamegoma tena, na mimi nimekaa chumbani na chai ya rangi nikiangalia drawing ambayo sijui nitaimaliza lini. Wacha niwape kisa changu badala ya kulala.

Ni kisa cha kweli. Chumvi sijaweka, na pale mtakapodhani nimeweka, hapo ndipo penye ukweli wenyewe. Chuo sitakitaja, na kijiji pia sitakitaja, kwa sababu baba yangu bado anaishi huko na ameshachekwa vya kutosha.

Mimi ni msichana, nasomea civil engineering. Niko mwaka wa nne, ingawa kwa hesabu ya kawaida ningekuwa natafuta gauni la graduation sasa hivi. Migomo, kufungwa, kufunguliwa, mnajua wenyewe.

Lakini uzi huu si wa kulia kuhusu chuo.

Ni kuhusu kadaraja kamoja ka magogo huko kwetu, ndani ndani kutoka Cheptiret, kalikovunjika wakati mimi nasomea kujenga madaraja. Na kilichokavunja ni neno moja, "civil".

Tuanze mwanzo.

Baba yangu alikuwa dereva wa trekta kwenye shamba kubwa la watu. Aliendesha trekta hiyo mpaka shamba likauzwa vipande vipande na wafanyakazi wakaambiwa kwaheri asubuhi moja, hivyo tu, bila hata chai. Tangu siku hiyo, kwake yeye duniani kuna kazi aina mbili: ya serikali na ya kubahatisha. Sasa anafuga ng'ombe wachache na kupeleka maziwa cooler, kituo cha kuyakusanya na kuyapoza, na anaiita hiyo kubahatisha.

Matokeo ya Form Four yalipotoka nilikuwa nimefanya vizuri hesabu na physics. Moyo wangu ulikuwa kwa ualimu wa hesabu, nisiwafiche. Tukaenda na baba cyber pale Cheptiret kuchagua kozi. Msichana wa cyber akawa anatusomea majina moja moja, na baba amesimama nyuma yake na kofia mkononi kama yuko kanisani.

Alipofika kwa civil engineering, baba akamsimamisha.

"Hapo. Rudia hiyo."

"Civil engineering, Mzee."

"Civil kama ile ya civil servant?"

Nyuma yetu kulikuwa na foleni mpaka mlangoni. Msichana wa watu hakuwa na muda wa falsafa.

"Eeh, Mzee. Ni civil hiyo hiyo."

"Weka hiyo namba moja."

Mimi nilijua ni mambo ya barabara na majengo. Barabara ni za serikali, au sivyo? Kwa hiyo nikaona mzee ana point. Kabla mnicheke, nendeni nyumbani mkaulize wazazi wenu civil ni nini, kisha mrudi hapa mtuambie.

Nikaitwa chuoni. Baba alichinja mbuzi, akaita majirani, akawaambia nimeitwa na serikali kusomea uinjinia wake. Kuanzia siku hiyo jina langu likawa Injinia. Ni mama tu aliyebaki kuniita Jebet, maana mama huwa haamini kitu mpaka akishike.

Sasa wiki ya kwanza chuoni, mhadhiri mmoja mwembamba aliingia akatuuliza kwa nini kozi yetu inaitwa civil. Kijana mmoja akasema labda kwa sababu tunatakiwa kuwa na adabu, darasa likacheka. Mhadhiri hakucheka. Akatueleza kwamba zamani mainjinia walikuwa wa jeshi, wakijenga ngome na barabara za vita. Wakaja wengine wakaanza kujenga vitu vya raia, vya watu wa kawaida kutumia: barabara, madaraja, maji. Hao ndio wakaitwa civil, na hakuna mahali serikali imetajwa.

Jioni hiyo hiyo nikampigia baba.

"Baba, civil si ya serikali. Ni ya raia."

"Raia ni nani?"

"Ni watu tu, Baba. Wananchi."

"Na wananchi ni wa nani? Si ni wa serikali?"

Nikajaribu tena. Nikamweleza mambo ya jeshi na ngome. Akanisikiliza vizuri kabisa, halafu akasema, "Hao walimu hawawezi kuwaambia mapema. Wakiwaambia mtaringa, mtaacha kusoma. Wewe soma."

Wakuu, niandike hapa kwa herufi kubwa mkitaka: NILIMWAMBIA. Nilimwambia mara nyingi mpaka nikachoka. Tatizo la baba ni kwamba kila nikikataa, yeye anaona ndiyo siri yenyewe.

Kwa wale mnaofikiria kuomba hii kozi, niseme kidogo.

Ni miaka mitano kama mambo yatanyooka, na hayanyooki. Mwaka wa kwanza utabeba ubao wa kuchorea na T-square kama fundi wa vitanda, utachora mistari mpaka uote mistari. Calculus itakufanya uwapende wale walioenda kusoma historia. Mwaka wa pili mnafundishwa surveying, kundi zima na chombo kimoja cha kupimia, na wavulana ndio wanakishika, wewe unapewa ile rula ndefu ukaisimamishe kwenye matope mbali huko. Ukifeli unafanya sup, yaani mtihani wa pili. Ukifeli sup unarudia, na kurudia huku kunangoja mgomo uishe.

Darasani kwetu wasichana tunaweza kuenea kwenye benchi moja. Rafiki yangu ni Nasra, mtoto wa hapa Eldoret mjini, babake ni Msomali mwenye malori ya mizigo. Nasra ndiye aliyenisaidia nisiache kozi. Siku moja nikimlilia kwamba nataka kuhamia education, aliniambia, "Hama. Lakini kwanza umwambie babako umeacha serikali." Tukacheka, na sikuhama.

Sasa turudi kwa daraja.

Kati ya kwetu na barabara ya lami kuna kijito kinachopita kwenye bonde la majimaji. Kiangazi unaweza kukiruka. Mvua ikija kinakuwa na hasira. Juu yake wazee walitandaza magogo ya bluegum, mawe kwenye ncha, murram juu, ule udongo mwekundu wa barabara, na hapo ndipo maziwa ya kijiji kizima hupita kila asubuhi kwenda cooler. Ukikosa daraja hilo, unazunguka huko juu kupitia shule, na maziwa yakizunguka hivyo yanafika yameanza kuharibika. Cooler wanayaonja, wanayakataa, unarudi nayo.

Kwa hiyo tulikuwa na siku yetu, siku ya daraja. Kila mwaka kabla ya mvua za masika, kokwet, yaani mkutano wa kijiji chetu, inachagua Jumamosi moja. Kila boma linaleta kitu. Huyu gogo, yule mkokoteni wa mawe. Wanaume wanatoa magogo yaliyooza, wanawake wanafyeka nyasi na kuzibua mkondo, chai inapikwa palepale kando ya maji. Nimekua nikiona siku hiyo. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni sikukuu kama Krismasi.

Kiangazi cha kwanza nikiwa chuoni, mama alinipigia simu akaniambia, kwa sauti ile yake ya kutoamini kitu, kwamba mwaka huu hakuna siku ya daraja.

Nikauliza kwa nini.

"Muulize babako."

Baba alikuwa amesimama kwenye kokwet akasema wasijisumbue. Msichana wake yuko civil. Daraja la simiti linakuja. Na wakiweka magogo mapya, watu wa serikali wakija watakuta daraja liko sawa, wataipeleka simiti kwa wengine. "Serikali haitengenezi kitu haijaharibika," ndivyo alivyowaambia.

Na wakuu, msimcheke haraka. Hiyo hoja ina mantiki. Nyinyi nyote mnajua barabara iliyoachwa kwa makusudi ifike pabaya ili ionekane. Mzee Barno, mwenyekiti wetu, mtu mwangalifu asiyeongea ovyo, aliitafakari akakubali. Wote wakakubali. Wakangoja.

Nilipoenda likizo nilifika pale nikaona gogo la katikati limeanza kulainika. Nikamwambia baba. Akatabasamu.

"Si ni vizuri? Wacha wakute hivyo."

Nikaenda mwenyewe kwa Mzee Barno. Nikamwambia hakuna serikali inayokuja, mimi ni mwanafunzi, hata kalamu sijamaliza kulipia. Akaniletea mursik, maziwa yetu ya mgando, kwenye kibuyu, akaniambia niketi.

"Injinia, tunaelewa. Mtu wa serikali hawezi kuongea mambo ya ofisi kwa njia."

Nilikunywa mursik. Ningefanya nini?

Baadaye ikaja attachment, mafunzo ya kazini. Nilipata nafasi kwenye jengo moja huko Elgon View, nyumba ya mtu binafsi, kubwa mpaka gereji yake ingeweza kuwa shule ya msingi. Kazi yangu ilikuwa kusimama kwenye jua na kuangalia wengine wakimwaga zege. Nasra alinipiga picha nikiwa na helmet na ile jaketi ya kung'aa, nikaiweka status.

Kosa. Picha ilifika kijijini kabla mimi sijavua viatu. Jaketi ile kwetu huvaliwa na watu wa barabara, na watu wa barabara ni wa serikali. Mama aliniambia baba aliizungusha cooler nzima, akiwaonyesha hata madereva wa malori ya maziwa ambao hawatujui.

Nikapiga simu nikasema ni nyumba ya tajiri, si ya serikali.

"Ya tajiri gani? Mkubwa wa serikali?"

Nikakata simu. Nilikuwa nimechoka, na bado ilikuwa asubuhi.

Halafu likaja chungwa.

Mwaka wa tatu tulipewa assignment ya hydrology: nenda kwenye mto wowote, pima maji yanapita kwa kasi gani. Njia rahisi ni kutupa kitu kinachoelea na kuangalia kinachukua muda gani kutoka hapa hadi pale. Wengi hutumia chungwa, kwa sababu linaelea nusu ndani na unaliona kwa urahisi. Ilikuwa likizo, nilikuwa nyumbani, na mto wa karibu ulikuwa ule wetu. Nikachukua tape, simu, machungwa ya mama, nikashuka bondeni.

Nikapima upana. Nikapima kina kwa fimbo. Nikatafuta alama za mafuriko, yale majani makavu yanayonasa kwenye vichaka maji yakishapanda na kushuka. Nikatupa chungwa, nikakimbia nalo kando ya maji, nikaandika, nikarudia.

Nilipoinua macho nikakuta watu wamesimama juu ya ukingo. Mama Chemtai, jirani yetu, alikuwa na mtungi wake wa maziwa mgongoni. Hakuna aliyeuliza kitu. Walikuwa wananiangalia kwa heshima ya ajabu, kama wanaangalia daktari akishona mtu.

"Ni homework," nikawaambia.

Mama Chemtai akatikisa kichwa polepole, akinielewa kabisa.

Kufikia jioni ilikuwa inajulikana hadi ng'ambo kwamba serikali imeanza kupima. Na hapo ndipo uvivu ukaingia kabisa. Mtu mmoja, simtaji, alikuja akang'oa magogo mawili yaliyokuwa bado mazima akaenda kutengeneza zizi lake. Si daraja jipya linakuja? Hakuna aliyemuuliza. Nilimwona baba akimsaidia kuyabeba.

Nilirudi chuoni nikapata maksi nzuri za hydrology. Hizo ndizo maksi nzuri zaidi nilizowahi kupata, na zimenikalia kooni mpaka leo.

Mvua za mwaka huu zilikuja kwa nguvu. Mama alinipigia nikiwa kwenye foleni ya chakula.

"Babako ameanguka na daraja."

Alikuwa akipita asubuhi na pikipiki ya kijana wa jirani, mitungi ya maziwa imefungwa nyuma. Gogo la katikati, lile nililolionyesha, likakatika. Kijana aliruka. Baba alishuka na mitungi hadi chini. Mguu ulivunjika juu ya kifundo. Maziwa yaligeuza mto kuwa mweupe mpaka kwenye kona, mama anasema, na watu walisimama wakayaangalia yakienda.

Nilitafuta ruhusa nikaenda. Nilimkuta baba kitandani na plasta mpaka gotini. Nilikuwa nimejiandaa kulia. Lakini alikuwa mchangamfu.

"Injinia, umekuja na simu yenye kamera mzuri?"

"Kwa nini, Baba?"

"Piga picha ya daraja. Halafu piga ya mguu. Peleka zote mbili huko kwenu. Sasa hawana kisingizio."

Nilitoka nje nikakaa kwenye jiwe la kuoshea miguu. Sikuwa na hasira. Nilikuwa nimechoka tu, uchovu ule unaoingia kwenye meno. Mtu amevunjika mguu na bado anashukuru kwamba sasa serikali itaona.

Mama akatoka akasimama karibu nami.

"Kesho kuna kokwet," akasema. "Boma letu halina mtu wa kwenda."

"Wewe je?"

"Mimi nitaenda. Lakini si mimi walikuwa wanangoja."

Kokwet yetu hukutana kwenye nyasi pale karibu na dip ya kuogeshea ng'ombe. Watu walikuwa wengi kuliko kawaida, na hawakuwa na furaha. Kwa wiki nzima maziwa yalikuwa yamezungukia shuleni, na karibu yote yalikuwa yamerudi nyumbani.

Mzee Barno akanipa nafasi. Nikasimama.

Nikawaambia polepole, kwa Kiswahili, halafu nikarudia kwa lugha yetu ili mtu asibaki na siri yoyote ya kushikilia. Kwamba civil si serikali. Kwamba mimi sijatumwa na mtu, sijaandikwa na mtu, na nikimaliza shule nitatafuta kazi kama wengine. Kwamba hakuna ofisi yoyote inayojua daraja letu liko.

Kisha Mzee Barno akauliza, kwa upole, "Na ile chungwa?"

"Ilikuwa homework, Mzee."

Mtu mmoja nyuma alicheka akajizuia. Wengine hawakucheka. Mama Chemtai alisimama na shuka yake mabegani.

"Kwa hivyo tumekaa miaka yote tukingoja mtu hajatumwa. Mimi nimemwaga maziwa wiki nzima. Nimwambie nani? Nimwambie chungwa?"

Nilitamani ardhi iniachie nafasi kidogo tu.

Ndipo mama yangu, ambaye hajawahi kuongea kwenye kokwet tangu nimjue, akauliza akiwa ameketi vilevile, akichezea nyasi.

"Jebet. Kama hiyo civil si ya serikali, basi ni ya nani?"

Nikamjibu kama nilivyofundishwa wiki ya kwanza. "Ni ya watu. Kazi ya kutengeneza vitu watu wote wanatumia. Kama daraja."

Mama akafikiri.

"Ya watu," akasema. "Hiyo si tulikuwa nayo? Si ndiyo tuliacha, tukingoja wewe uende uisomee?"

Wakuu, nimekaa kwenye lecture nyingi. Hakuna iliyonipiga hivyo.

Mzee Barno alichomoa fimbo yake ardhini, akasema Jumamosi, kila boma na gogo lake, na watu wakaanza kutawanyika.

Nyumbani nilimwambia baba kila kitu. Aligeukia ukuta. Nikadhani amelala.

Baadaye akasema, bila kugeuka, "Ile siku shamba iliuzwa, sisi wote tulifukuzwa. Kulikuwa na mmoja tu hakufukuzwa, yule wa serikali alikuwa anakuja kudunga ng'ombe sindano. Alichukua koti yake akaenda ofisi ingine. Mimi nilitaka tu ukuwe kama huyo."

Nilimwonea huruma baba yangu siku hiyo kuliko siku nyingine yoyote, na mguu haukuwa na uhusiano wowote.

Jumamosi ikafika. Yule wa zizi alikuja wa kwanza, na magogo mawili, na macho chini. Nasra naye alikuja kutoka mjini kunitembelea, akajikuta anabeba mawe na buibui lake limefungwa kiunoni, wamama wakampenda papo hapo.

Mimi niliomba kitu kimoja tu. Nilikuwa na vipimo vyangu vya ile assignment, na nilijua maji hupanda mpaka wapi. Nikaomba ncha za daraja zisogezwe nyuma kila upande na mawe yainuliwe, ili mto upate nafasi ya kupita bila kula ukingo.

Mzee Barno akauliza kama ni lazima.

"Chungwa ndilo limesema, Mzee."

Hapo sasa wakacheka, hata Mama Chemtai. Upande wa kwetu wakafanya kama nilivyoomba. Upande wa ng'ambo walikuwa wamechoka, njaa imeingia, wakaacha palipokuwa. Kwa hiyo kila mvua ikinyesha kama hii ya leo, nampigia mama nimuulize upande wa ng'ambo ukoje. Mpaka sasa uko.

Baba alikaa kwenye kiti cha plastiki juu ya ukingo, plasta imewekwa juu ya debe. Kuna mwendesha boda asiye wa kwetu alisimama akamuuliza kama serikali imeleta mradi.

"Hapana," baba akasema. "Ni sisi."

Sasa funzo. Shuleni tulikariri usiache mbachao kwa msala upitao, tukaandikia insha. Sikujua mbachao unaweza kuwa magogo ya bluegum na chai ya pamoja. Kile kilicho chenu mnachokifanya vibaya vibaya kwa mikono yenu, msikiache kwa sababu mtoto wa fulani amekwenda kukisomea. Huyo mtoto mwenyewe anabeba rula kwenye matope, na hana habari.

Na nyinyi mnaojaza kozi mwaka huu, tafadhali, mtu akisema civil, au actuarial, au lolote lile, muulize maana yake mtu asiye na foleni nyuma yake.

Nataka kusikia zenu. Kuna neno gani la shule ambalo nyumbani kwenu lilieleweka kivyao, na liliwapeleka wapi? Wahandisi mliomaliza, mniambie pia kama huu uchovu huisha. Wa kutukana baba yangu, pita kando.

Nilikuwa nimesahau. Mdogo wangu amemaliza Form Four, anataka kusomea public health. Baba alinipigia juzi, akaanza kwa kukohoa.

"Hiyo public," akasema, "hiyo sasa si ndiyo ya serikali yenyewe?"

Nikashusha pumzi, nikajiandaa kuanza upya.

"Ngoja," akasema. "Nimekuuliza kwanza. Sijaambia mtu."